Ng'ombe wa Kijivu katika Hitaji la Ishirini na Tatu

Mzee Ntandu,

Shikamoo.

Nimeandika hiyo kisha nikaweka kalamu chini, kama nilivyozoea kusimama mlangoni asubuhi nikingoja. Ulikuwa unaitikia "marahaba" bila kuinua macho kwenye kompyuta, nami nilikuwa nakasirika, nikisema moyoni, huyu hata hajui ni nani kamwamkia. Siku moja nikapita kimya kwa makusudi. Macho yako yakabaki palepale kwenye kioo, ukasema, "Tumaini, leo umenuna nini?" Kumbe ulikuwa unajua.

Na kukuita mzee unisamehe. Ulisema mzee ni baba yako aliyeko Ilongero, wewe una hamsini na kitu tu na magoti yako bado yanapanda ngazi za ofisi. Sasa huwezi kubisha, kwa hiyo nitakuita ninavyotaka.

Ni miezi mitano tangu tukuzike. Bado tuko juu ya lile duka la pembejeo, na ngazi bado zinanuka dawa ya kuhifadhia nafaka. Upepo bado unalifungua dirisha lako, na tumeacha kulifunga. Kwenye kiti chako hakuna aliyethubutu kukaa, tukaweka printa. Mimi ndiye ninayeandika mahitaji siku hizi. Ndiyo, mimi, niliyekuwa narudishiwa fomu moja mara nne mpaka nikatishia kurudi Nduguti kulima.

Baba yangu bado haelewi kazi yetu. Juzi nilimweleza tena: watu wanataka mfumo wa kompyuta, lakini kabla vijana hawajaanza kuutengeneza, mimi nakwenda kuwauliza wanataka ufanye nini, kisha kila jambo wanalotaka naliandika kwenye fomu yake. Jambo hilo moja ndilo tunaliita hitaji. Baba akafikiri, akasema, "Kumbe kazi yenyewe ni kuuliza. Basi hapo wamempata mtu." Ungecheka sana.

Nilipoajiriwa, fomu yako niliiona ni adhabu. Ukurasa mmoja, visanduku vinane, mpangilio uleule kila mara. Jina la hitaji, namba yake, nani kalisema na kwa maneno gani, kwa nini analitaka, halafu cha tano, mfano wa kweli. Baada ya hapo tutajuaje limetimia, na nini hakimo. Na kile cha nane ambacho sikuwahi kukiona kwenye fomu ya mtu mwingine yeyote: nani hajaulizwa. Nikipanga visanduku vizuri zaidi kwa akili yangu, unanirudishia. Nikiunganisha viwili kwa sababu majibu yanafanana, unanirudishia. Nikakuuliza kuna ubaya gani, ukasema mtu anayesoma fomu ya thelathini asihangaike kutafuta kisanduku kiko wapi, ahangaike na jambo lenyewe. Ukasema pia kwamba fomu zikifanana zote, mtu anaweza kuzisoma kwa kushuka chini, kisanduku cha tano peke yake, na akaona kitu ambacho ukurasa mmoja hauwezi kumwonyesha. Hilo la pili nililiona ni maneno tu. Nilikuwa bado sijazisoma kwa kushuka chini.

Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa hicho kisanduku cha tano. Unakumbuka Juma wangu? Tulikuwa tunaanza kazi ya mfumo wa chanjo ya mifugo, nami nikaandika, "Juma ana ng'ombe kumi, anapata ujumbe wa simu, anawapeleka kwenye chanjo." Ukairudisha na kalamu nyekundu: "Juma ni nani?" Nikasema ni mfano tu. Ukasema mfano wa kubuni hauna ubishi, unakubali kila unachouambia, na mfumo uliotengenezwa kwa ajili ya Juma utafanya kazi vizuri sana siku Juma atakapozaliwa. Watu ofisini wakacheka mpaka machozi. Mimi sikucheka.

Sasa nikwambie kilichotokea, maana ndicho kimenifanya niandike.

Mwezi mmoja baada ya mazishi, Mama Anna alipanda ngazi zetu. Mkeo hakuwahi kufika ofisini hata siku moja. Nilimwamkia, nikamtolea kiti, akakaa akitazama printa iliyo kwenye kiti chako kwa muda mrefu. Akasema, "Wewe ndiye uliyekuwa unashinda naye. Hakuwahi kukutajia habari za ng'ombe?"

Nikajibu ulikuwa unataja ng'ombe kutwa nzima, si tulikuwa kwenye mfumo wa chanjo. Akasema, "Sio hao. Ng'ombe wake."

Akanieleza. Anna alipozaliwa, ulimtengea mtamba wa kijivu na kumkabidhi mtu amtunze. Mama Anna alijua kwamba yupo, ila hakujua yuko wapi, na hakupaswa kujua. Shahidi alikuwa kaka yako mkubwa, naye alitangulia mwaka juzi. Msibani, wanaume wa ukoo walipokaa kumaliza matanga, watunzaji wa ng'ombe wako walisimama mmoja mmoja wakasema walionao. Wa kijivu hakutajwa. Mama Anna alipouliza, wadogo zako walimwambia anaota. Aliniambia hivyo bila kulia. "Shemeji zangu wanasema naota. Mwanangu naye ananitazama kama nilimdanganya miaka yote."

Hapo nikakumbuka siku tuliyokuwa njiani tukitoka kuuliza wafugaji. Nilikuwa nimeshangaa kwamba afisa mifugo akiuliza zizini ng'ombe huyu ni wa nani, kila mtu anajibu "wangu", hata pale ambapo jirani anatazama pembeni kwa aibu. Kwetu tulikuwa na alizeti, uwele na mbuzi watatu, mambo haya nilikuwa nayasikia juu juu tu. Ulicheka. Ukasema huo ni uungwana. Mtu amekukabidhi ng'ombe wake umtunzie: maziwa yako, samadi yako, ndama ni wake. Mgeni akiuliza, unasema wangu. Unamsitiri mwenzio, watu wasijue mali yake iko wapi. Ukianza kumtaja, hakuna atakayekukabidhi tena hata kuku.

Mimi na maswali yangu nikaendelea. Mwenye ng'ombe akifa je? Watunzaji wanakuja wenyewe msibani, wanasema. Na mmoja asipokuja? Ukasema, "Unauliza sana wewe mtoto wa Nduguti." Sikujua kwamba swali lile lilikuwa lako pia.

Basi Mama Anna akiwa amekaa pale pale, nilifungua mafaili ya mfumo wa chanjo. Sikuwa na matumaini, nilitaka tu asiondoke akiona sikufanya lolote. Fomu thelathini na moja. Na kwa sababu sikujua pa kuanzia, nikafanya ulivyosema: nikashuka na kisanduku cha tano peke yake.

Mzee Ntandu, nikarudi juu nikaanza upya.

Hitaji la tatu, kuhusu kumtambua ng'ombe asiye na hereni ya namba: "Wa kijivu, sikio la kushoto limechanika na mwiba wa boma." Hitaji la tisa, kuhusu wasio na simu: "Anayemtunza wa kijivu hana simu, habari humfikia kupitia watu wanaokwenda mashine ya kukamua alizeti." Hitaji la kumi na sita, kuhusu ng'ombe wagonjwa: "Wa kijivu huchechemea mguu wa nyuma asubuhi ya baridi, jua likitoka anapona, asiandikwe mgonjwa." La kumi na tisa lilisema hanywi maji baada ya wenzake, asipokuwa wa kwanza anagoma. Nilizisoma fomu hizo mara ngapi? Nilizihakiki mimi! Nikadhani ni ng'ombe wa watu uliowahoji. Kila fomu ilikuwa na kipande chake kidogo, hakuna jina la mtu, hakuna kijiji. Zikisomwa ukurasa kwa ukurasa ni mahitaji ya mfumo. Zikisomwa kwa kushuka, ni ng'ombe mmoja amesimama mbele yako.

Nilimsomea Mama Anna. Alishika mdomo kwa mkono. "Ndiye," akasema. "Hajawahi kuniambia sikio limechanika. Lakini ndiye."

Nikashuka haraka nikitafuta mahali alipo. Hitaji la ishirini na mbili, wa kijivu yupo. La ishirini na tatu: "Mfugaji A ana ng'ombe katika Kijiji B."

Niliutambua mkono wangu.

Ulikuwa umelazwa, sukari imepanda, miguu imevimba. Yule dada mratibu wa upande wa mteja alipiga simu akasema fomu zetu zinachekesha, hawawezi kupeleka kwa wakubwa waraka rasmi unaozungumzia ng'ombe anayegoma kunywa maji. Alitaka fomu tisa za mwisho, ambazo zilikuwa bado hazijaidhinishwa, zisafishwe. Nikasafisha. Ilinichukua robo saa. Nikaja hospitali nikakueleza, nikijisifu kwamba nimeokoa muda. Hukugomba. Ulisema, "Sawa. Siku moja utamtafuta huyo Mfugaji A." Nikadhani unatania.

Kwa nini hukugomba? Hilo ndilo swali linalonisumbua kuliko yote, na nimelizungusha kila upande. Labda ulikuwa umechoka. Labda uliona nimeshakuwa mkubwa wa kutosha kukosea peke yangu. Ungegomba siku ile, ningeyarudisha maneno yako palepale, yalikuwa bado kwenye kompyuta yangu. Wiki mbili baadaye nilifuta nakala za zamani ili kupata nafasi.

Nilimweleza Mama Anna ukweli. Akanitazama, akasema, "Huko chini hakuna kitu kingine?"

Kisanduku cha nane sikuwa nimekigusa. Yule mratibu hakuwahi kusoma mpaka chini, kwa hiyo hakulalamika, kwa hiyo mimi sikusafisha. Nani hajaulizwa? Uliandika: "Bibi anayemkamua wa kijivu. Nyuma ya kanisa la bati la bluu, njia ya mashine. Nimemuuliza mwenyewe, ila waulizwe na wengine wa namna yake."

Makanisa ya bati la bluu njia ile yapo matatu, nakuarifu. Tulichukua bodaboda mbili kutoka Ilongero, Mama Anna mbele, mimi nyuma nakula vumbi lake. Kanisa la kwanza nyuma yake kulikuwa na shamba la mtama. La pili tukakaribishwa na mchungaji aliyedhani tumekuja kuchangia ujenzi. La tatu lilikuwa na nyumba ndogo ya tembe nyuma yake, na mlangoni bibi anapeta uwele.

Nilimjua kabla hajainua uso. Msibani kwako niliosha naye sufuria. Ni yule wa kitenge cha njano aliyenicheka kwa kusugua na sabuni tu, akanifundisha kutia majivu. Siku tatu alikuwa pale, Mzee. Nilikula naye ugali na mlenda sahani moja.

Tukaamkia, tukapewa vigoda na uji. Yeye na Mama Anna walizungumza Kinyaturu, mimi nikidaka nusu. Mama Anna aliposema tumefuata ng'ombe wa marehemu, bibi aligeukia Kiswahili ili nami nisikie vizuri. "Ng'ombe waliopo hapa ni wangu," akasema, wala hakupepesa jicho.

Mama Anna akainama. Nikaona anaamini. Mimi nikatoa karatasi zangu nikaanza kusoma, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kufanya. Sikio la kushoto, mwiba wa boma. Mguu wa nyuma asubuhi ya baridi. Maji lazima awe wa kwanza. Nilisoma zote, namba ya hitaji na kila kitu, nikisikia aibu jinsi zinavyosikika za kiofisi mbele ya ungo wa uwele.

Bibi akaweka ungo chini. "Hayo nani kakupa?"

"Aliyaandika mwenyewe, bibi."

"Jina langu kaliandika?"

"Hapana."

"La mume wangu?"

"Hapana, bibi. Kaandika kanisa tu."

Akacheka, meno mawili ya mbele hayapo, akacheka mpaka akajifuta macho. Kisha akatupeleka nyuma ya nyumba. Alikuwa amelala kivulini, wa kijivu kweli, sikio limegawanyika kama ulivyoandika, na tumbo kubwa. Mama Anna alipiga magoti pale pale kwenye samadi na gauni lake la kanisani. Alilia kwa sauti. Na mimi nililia, usinicheke.

Nilimuuliza bibi kwa nini hakusema msibani. Ningekaa na swali hilo hata usiku mmoja ningeugua. Akajibu kwa upole sana kwamba aliyekabidhiwa alikuwa mumewe, na mumewe alikufa, naye akaendelea kutunza. Wanaume walikaa chini ya turubai wakawaita watunzaji, na waliowaita ni wanaume. "Nilingoja siku tatu," akasema. "Hakuna aliyeniuliza." Si kwamba alikuwa analalamika. Alikuwa ananijibu tu.

Kisha akasema kwamba wewe ulimuuliza. Ulikaa kwenye kigoda kilekile na daftari, ukamsomea hitaji la ishirini na tatu. Na mimi, niliyelihakiki, nikalisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtu asiyejua kusoma: mtunzaji aandikwe kando, mwenye ng'ombe halisi aandikwe juu, na mtu yeyote akiandika jina la mwenye ng'ombe, ng'ombe wake wote watokee na mahali walipo. Bibi alikwambia, "Siku watakapoandika jina lako juu ya huyu, ndugu zako watamfuata na karatasi kabla udongo haujakauka. Mwanao hatamwona. Na wajukuu wangu watakunywa nini?" Hayo ndiyo yaliyokuwa kwenye kisanduku cha tano. Hayo ndiyo niliyoyafuta kwa robo saa, nikaweka A na B, na A na B hawakubisha, na hitaji likaidhinishwa.

Nikapiga simu ofisini kuuliza tarehe tuliyokubaliana na mteja, ingawa niliijua. Vijana walikuwa wamebakiza wiki mbili kumaliza. Baada ya hapo mdogo wako yeyote angeingia ofisi ya kijiji, akaomba jina lako litafutwe, na kanisa la bluu lingetokea kwenye kioo.

Mama Anna alisimama akajipangusa magoti. Angeweza kwenda moja kwa moja kwa shemeji zake akawaambia, njooni muone ninavyoota. Nilimwona analifikiria hilo. Akasema ng'ombe abaki hapo hapo, na wao waendelee kusema anaota. Alitoa simu ampige picha ampelekee Anna shuleni, bibi akamkataza. Amlete mwenyewe, alisema, aje amkamue.

Nilikaa nikaandika upya kisanduku cha tano kwa maneno ya bibi, neno kwa neno, nikimsomea na yeye akinisahihisha. Ni mkali kuliko wewe. Mahali nilipoandika "watoto" alinirudisha niweke "wajukuu".

Kikao cha mteja kilikuwa Jumanne iliyofuata. Nilivaa lile koti uliloliita la wakili. Niliwaambia nimekosea, kwamba hitaji la ishirini na tatu liliidhinishwa kwa mfano wa uongo na mfano huo niliuweka mimi. Hakuna aliyependa. Dada mratibu alisema programu karibu imekwisha, na kwamba fomu ilisainiwa. Nikamsomea kisanduku cha tano kipya. Nikasema chanjo inamtaka ng'ombe na mtu wa kumshika kamba siku hiyo. Aandikwe huyo aliyesimama naye, basi, mwenye mali asitafutwe. Mwisho wa meza alikaa afisa mifugo mmoja mtu mzima, kapu la dawa bado lipo miguuni, hakuwa amesema neno tangu asubuhi.

Dada mratibu akapekua karatasi. "Mfano huu umesema ni wa kweli," akaniambia. "Tunataka kuuthibitisha kabla ya kubadili kitu. Huyu ng'ombe wa kijivu ni wa nani?"

Ningeweza kusema ni wa marehemu. Ilikuwa kweli, na wangenihurumia. Ningeweza kusema ni wa mtoto wa marehemu, au nikamtaja bibi. Nilikuona kabisa, kalamu nyekundu mkononi.

"Wangu," nikasema.

Yule afisa mifugo akaniangalia. Akaangalia koti langu, kucha zangu za rangi, laptopu yangu. Alijua kabisa. Akafunga daftari lake taratibu, akasema, "Mwenyewe ameshasema." Wakabadilisha hitaji.

Sasa niambie, maana sina mwingine wa kumuuliza. Nimeweka mfano wa kweli kwenye fomu, kisha nimeulizwa juu yake nikajibu lisilo kweli. Ungenirudishia? Nimelala nalo, nimeamka nalo. Nadhani usingerudisha. Nadhani ungesema "sawa" bila kuinua macho. Lakini sina uhakika, na kutokuwa na uhakika na wewe ndiko kunakoniuma kuliko kiti kile chenye printa.

Anna alikwenda likizo ilipoanza. Alimkamua, akapigwa teke, akarudi anacheka. Hamtazami tena mama yake vile.

Na wa kijivu amezaa, jike, rangi ya mama yake, masikio yote mawili mazima. Kwa desturi ndama ni wako, kwa hiyo ni wa Anna. Kwa bibi nafasi haitoshi. Mama Anna alikuja tena ofisini, safari hii hakutazama printa, akaniambia ndama akiachishwa ziwa angependa aje kukaa kwa baba yangu. Nimekubali. Mimi nimekuwa shahidi, Mzee. Mwenye ng'ombe, mtunzaji, na mimi.

Pumzika. Fomu yako haitaongezwa kisanduku wala haitapunguzwa mikononi mwangu, na cha nane nitakuwa nakianza mimi kabla ya cha kwanza. Hiyo ndiyo ahadi yangu.

Baba ameshajenga kibanda kwa ajili ya ndama, na ameniuliza majirani wakimuuliza ni wa nani awajibu nini. Nimeshamwambia.

Tumaini